Mara Moja, Afande

Kaka yangu Hakim anajivunia vitu viwili: viatu vyake, ambavyo hata kiangazi havishiki vumbi, na Kiswahili chake. Kwa viatu sina neno. Kiswahili ndicho kilichotutia matatani, na sitamung'unya maneno eti kwa sababu tumezaliwa tumbo moja.

Sisi ni Wanubi wa Jinja. Waliotutangulia waliletwa kutoka Sudan na bunduki begani, na baba yetu, marehemu mzee Faraj, alikuwa sajini katika miaka ile ambayo jeshi ndilo lililokuwa serikali. Kiswahili tulikinyonya nyumbani. Majirani zetu Wasoga walikisikia wakanyamaza, na sisi watoto tulidhani wananyamaza kwa sababu tunakisema vizuri.

Mimi na Hakim tunafanya kazi katika maabara ndogo mtaa wa Nalufenya, hapo Jinja. Tunapima dawa za miti shamba ambazo watu wanakunywa kwa ajili ya presha na kisukari, tujue kama zinaudhuru moyo. Tunachukua yai lenye kifaranga kichanga, tunatoa moyo wake, tunatenganisha seli na kuzilaza juu ya kioo kidogo chenye safu za elektrodi nyembamba kuliko unywele. Seli zikikipenda kioo, zinashikana na kuanza kupiga zenyewe, tuk, tuk, tuk, bila kifaranga wala damu. Siku ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilitoka nje nikalia, na Hakim akanitania wiki nzima. Elektrodi zinayasikia mapigo, mashine inayachora. Kisha tunadondosha dawa na kuangalia moyo unasemaje.

Vioo hivyo ni vya kutumia tena na tena, kwa hiyo roho ya kazi yote iko kwenye kuosha. Seli zikishapimwa zinaacha utando wa protini. Utando ukiwa bado mbichi, unaloweka kioo katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vimeng'enya, na vimeng'enya vinaila protini yote hadi kioo kinabaki kitupu. Ukikauka, unang'ang'ania kama uji ulioshika sufuria, na kusugua hakuruhusiwi, maana utakwangua dhahabu ya elektrodi. Seli zinazowekwa juu ya uchafu huo hazishiki. Zinajikunyata na kufa.

Maabara ilipofungua tawi Mbale, karibu na milima yenye miti mingi ya dawa, Hakim alipewa kusimamia vyombo vya huko pia. Aliyeajiriwa kuosha vioo ni mama mmoja Mgisu wa Namatala, Topista, ambaye kabla ya hapo alikuwa anaosha vyombo vya hoteli. Ana watoto na mama mzee wa kutazama, na mume aliyeingia mitini. Kiingereza chake ni cha salamu. Sisi Kimasaba, lugha ya Wagisu, hatukijui. Basi Hakim alikwenda kumfundisha kwa Kiswahili, akiwa amebeba vioo vyetu vichafu ndani ya chupa za maji ili avitumie kumwonyesha kila hatua kwa mikono: maji yawe na joto gani, unga wa sabuni kiasi gani, kusuuza vipi. Alirudi akimsifu.

"Yule mama ananielewa," alisema. "Kila neno nikitamka, analirudia. Tatizo lake ni *r* na *l* tu, na hilo nimeshalinyoosha."

Haukupita muda mrefu, seli za Mbale zikaanza kufa. Mwanzoni tuliambiwa dawa za mlimani ni sumu. Kisha zikafa hata zile ambazo hazikupewa dawa yoyote, na hapo kila mtu akajua kosa liko kwenye vioo. Mkuu wetu, Daktari Adero, Mkenya wa Kisumu asiyependa maneno mengi, akauliza swali moja tu: sabuni ya Mbale imebaki kiasi gani? Kopo la Jinja lilikuwa limekwisha na la pili limefunguliwa. La Mbale lilikuwa bado karibu kujaa.

"Basi haoshi," Adero alisema. "Anasuuza kwa maji ya bomba anaenda zake. Hakim, nenda kesho na Aminah mkajionee. Kama ndivyo, mwondoe, na usiniletee huruma hapa."

Aminah ndiye mimi. Nilijua tunakwenda kumwaga unga wa mtu, na usiku nililala vibaya.

Tulifika Mbale kabla ya saa sita, kwa pikapu ya maabara. Vijana wa kupima walikuwa kwenye mashine. Kando yao, kwenye trei, vilipangwa vioo vya kazi ya asubuhi, na Hakim alipokiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha hata mimi nililiona lile doa la kijivu, limekauka na kupasuka pembeni. Kaka yangu alivuta pumzi kwa pua kama anavyofanya akiona mchezaji wetu amekosa penalti.

Topista alitoka chumba cha nyuma akijifuta mikono. Ni mwanamke mrefu, anatembea kwa adabu kana kwamba sakafu ni ya mtu mwingine. Alipomwona Hakim alisimama wima.

"Karibu, afande."

"Topista, nilikufundisha kuosha vioo. Unaviosha namna gani?"

"Naosha mala moja, afande."

"Mara."

"Mara moja."

Hakim akamnyooshea kioo. "Na hiki? Hiki ndicho kimeoshwa mara moja?"

Akakitazama bila wasiwasi. "Hii bado. Hii ya leo asubui. Sijaosha."

"Kwa hiyo huoshi mara moja."

"Naosha, afande. Kila siku mala moja. Kweli ya Mungu."

Vijana walicheka chini kwa chini. Mimi sikucheka, ila kusema kweli nilimwona mwongo, tena mwongo wa kushangaza, asiyejali hata kuuficha uongo wake. Kioo kikavu kiko mbele ya macho yake, naye anaapa kwa Mungu kwamba anaviosha mara moja. Hakim alitoka nje na simu. Nilimsikia akimwambia Adero kwamba mwanamke anamdanganya uso kwa uso, na aliporudi alimwambia avue koti.

Topista hakubisha. Alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya chumba cha nyuma. Kisha akaomba kitu kimoja.

"Wacha nimalize hii ya asubui. Itakauka vibaya."

"Imeshakauka," Hakim akasema. "Nenda nyumbani, mama."

Nilimfuata nje. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kumsikia akikiri, ili niweze kula chakula changu kwa amani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha chakula, nikamshika mkono nikamwambia mtu hafukuzwi kazi na njaa juu yake, twende. Tukaletewa malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga, na ndizi. Alikula kidogo kidogo, akiwa amegeuzia uso ukutani. Niliona aibu kumuuliza habari za vioo, nikauliza habari za nyumbani.

"Mzee ya watoto iko Soroti," alisema. "Alikuja mala moja, kwa Krismasi."

"Ulimwita?"

"Hapana. Alikuja tu."

"Sasa utasemaje alikuja mara moja kama hukumwita?"

Alinitazama kama ninavyotazamwa na mwanangu nikishindwa kuwasha televisheni. Akainua kidole kimoja.

"Mala moja, dada. Alikuja, akaenda. Hakuja tena."

Niliacha kutafuna.

"Topista. Hakim alikwambia nini kuhusu kuosha? Niambie kama alivyosema yeye."

"Alisema wakisha maliza kupima, vioo vioshwe mala moja." Kile kidole bado kilikuwa juu. "Si mbili. Sabuni inakula. Alisema ukisugua dhahabu inatoka, mimi nikaona ndiyo maana, hataki vioshwe ovyo. Sasa nangoja wamalize yote, jioni naosha yote pamoja. Naosha polepole. Mimi hapana iba sabuni, dada. Iko mingi kwa sababu kazi ni ya mala moja."

Kiswahili ni lugha yangu, nimeisema tangu sijaota meno, na sikuwahi kuona kwamba maneno yale mawili yana milango miwili. Nyumbani kwetu yalikuwa na mmoja tu. Mzee Faraj akisema maji yaletwe mara moja, hata kutafuta ndala ulikuwa huthubutu, unakimbia peku. Hakim alilisema neno hilo kama alivyolipokea kwa baba. Topista alilihesabu, kama anavyolihesabu mtu aliyejifunza lugha sokoni: moja, mbili, tatu. Kisha akasimama wima akajibu, "Mara moja, afande," na Hakim akafurahi, kwa sababu hilo ndilo jibu la askari mtiifu. Akamsahihisha *r*. Wote wawili waliridhika. Na leo yule mama alikuwa amesema kweli tupu mbele yetu, tukamsikia anadanganya.

Nilivuka barabara karibu nigongwe na bodaboda. Hakim alikuwa anakagua nyaya za mashine. Nilimvuta chumba cha nyuma nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, nikaona jinsi alivyolielewa haraka, na jinsi alivyolikataa haraka pia.

"Kiswahili ni Kiswahili, Aminah. Ningesema nini tena? Kila mtu anajua mara moja ni mara moja."

"Ni ipi hiyo, kaka? Sema kwa maneno mengine."

"Usinichezee."

"Umemfukuza mtu kwa neno lako mwenyewe."

Alifunga mlango. Akashusha sauti, na sauti yake ikishuka najua anaogopa. Adero alikuwa amemwambia kwamba atamkabidhi maabara zote mbili. Akisikia kwamba miezi ya kazi ya Mbale imeharibika kwa sababu mwalimu hakueleweka, je, atamkabidhi? Ana nyumba nusu Masese, haina bati. Ana mke mjamzito. Aliniuliza kama nataka kumwona anaanza upya katika umri wake. Ni kaka yangu. Alinibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha. Nilimhurumia, na nikamkasirikia kwa kunifanya nimhurumie.

"Piga simu," nikamwambia. "Ama nitapiga mimi."

Akapiga. Nilisimama karibu nikasikia kila kitu. "Ndiyo, Daktari. Kumbe haikuwa uvivu. Hakuelewa maelekezo. Kiswahili chake ni kidogo mno." Adero akasema basi arudishwe, lakini mbele ya wenzake aseme mwenyewe kwamba hakuelewa, ili kesho asije mwingine na kisingizio, halafu kazi iendelee. Hakim akasema ndiyo, Daktari, vizuri sana, Daktari. Alipokata simu alikuwa amepata rangi tena usoni.

"Umeridhika?"

Sikuridhika hata chembe. Alikuwa amejipaka mafuta na kumwachia mama wa watu masizi. Lakini Topista alikuwa bado kibandani, kazi yake imerudi nusu, na niliogopa nikivuta zaidi kamba itakatika upande wake. Nikaenda kumwita.

Aliposikia amerudishwa alishika kifua. Alipoingia chumba cha nyuma na Hakim kumweleza atakachosema mbele ya vijana, mkono ukashuka.

"Sema tu hukuelewa," Hakim akamwambia kwa upole. Akitaka, ana upole mwingi. "Neno moja. Tunaendelea."

"Lakini nilielewa, afande."

"Hukuelewa, mama. Ndiyo maana vioo viliharibika."

"Ulisema mala moja. Mimi niliosha mala moja." Hakupandisha sauti. "Nilielewa ile ulisema."

Hakim akanigeukia, nami nikatazama dirisha. "Sawa," akasema. "Tuseme neno lilikuwa na utata. Kwa nini hukuuliza? Mtu akiwa na shaka, anauliza."

Topista alimtazama usoni.

"Baba yangu aliuliza," akasema. "Kwa barabara ya Tororo, mimi bado sijazaliwa. Askari alisimamisha yeye, akasema Kiswahili. Baba alikuwa hapana jua Kiswahili. Akauliza kwa Kimasaba, unasema nini? Walipiga yeye mpaka sikio moja ikakufa. Sisi nyumbani tulifundishwa, Kiswahili unaitikia. Hauulizi."

Baba yetu aliwahi kupangwa katika vizuizi vya barabarani upande huu. Alikuwa akituhadithia ubaridi wa usiku wa Tororo, na chai waliyokuwa wakinywa. Hakim alikuwa anakumbuka hilo hilo. Nilimwona akitazama viatu vyake. Sikujua ni mkono wa nani uliompiga mzee wa Topista, wala sitajua, lakini nilitamani sakafu inimeze.

"Hayo ni ya zamani, mama," Hakim akasema hatimaye. Hakusema pole.

Topista akaliangalia lile koti mezani. Nilijua anawaangalia watoto wake. Akalichukua, akalivaa, akafunga vifungo hadi juu, na tukaingia chumba cha mashine ambako vijana walikuwa wanangoja.

"Sikuelewa," akawaambia.

Mmoja akasema, "Topista, bwana," kwa kicheko, na mwingine akampiga kiwiko. Hakim akashukuru, akapiga makofi mawili, akasema sasa tuanze ukurasa mpya. Akajaza beseni maji ya uvuguvugu, akapima unga wa sabuni, akasimama kama baba alivyokuwa akisimama kwenye gwaride.

"Sikiliza. Kioo kikitoka kwenye mashine, hakingoji. Unakiweka kwenye sabuni palepale. Umeelewa?"

"Sikuelewa, afande," Topista akasema.

Hakim akadhani amesikia vibaya. "Palepale. Papo hapo."

"Sikuelewa. Palepale ni wapi?"

Vijana wakaangua kicheko, kisha wakakikatisha. Nami nilidhani anamkejeli, na nusura nifurahi. Halafu nikaitazama mikono yake. Alikuwa ameshika ukingo wa beseni, na maji yote ndani yake yalikuwa yanatetemeka. Hakuwa na kejeli hata tone. Alikuwa ameambiwa kwamba kutoelewa ndiko kunakomrudisha mtu kazini, na kwamba mtu asiyeelewa anauliza, basi alikuwa anauliza, mbele ya mtu wa sauti ya kijeshi, jambo ambalo nyumbani kwao hakuna aliyelifanya tangu sikio la baba yake lilipokufa.

Mshipa ulimsimama Hakim kwenye paji la uso. Ninaujua mshipa ule. Kwa baba, mkono ulikuwa unaufuata. Nikasogea hadi nikawa kati yake na beseni, bila kufikiri. Akanitazama, akingoja nimtafsirie, nimwokoe kama kawaida yangu. Sikumwokoa.

Alikwenda kwenye mashine, akatoa kioo kilichokuwa ndiyo kwanza kimemaliza kupimwa, akatembea nacho hadi kwenye beseni, akakizamisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Hivi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Na kingine ikitoka?"

"Hivi tena."

"Na ikitoka wakati nakula?"

Hakim akafuta mkono uliolowa. "Unaacha kula, mama. Ama unamwambia mmoja wa hawa akizamishe."

"Sasa nimeelewa hiyo," Topista akasema. "Sema ingine."

Siku hizi seli za Mbale zinapiga vizuri. Hakim amekabidhiwa maabara zote mbili, na nyumba ya Masese imepata bati. Kila ninapokwenda Mbale namkuta Topista kazini, ameshika ukingo wa beseni, anauliza kila kitu: kama maji ni haya, kama sabuni ni hii, kama jana ni sawa na leo. Watu wanasema ni mwanamke wa maswali. Mimi humtazama usoni kabla swali halijatoka. Anafumba macho kwanza, anangoja kidogo, kama anayetarajia kofi, ndipo anauliza.